Ndege ya bizinesi tupu: tatizo sio siti, tatizo ni ratiba

Kati ya tarehe 24 Desemba 2007 na tarehe 30 Mei 2008, yaani miezi mitano na siku kadhaa tu, mashirika matatu yaliyokuwa yanauza siti za bizinesi peke yake kati ya London na New York yalikufa yote. MAXjet ndo walitangulia, tena mkesha wa Krismasi, watu wana tiketi mkononi wanataka kwenda kula sikukuu na familia zao. Wakafuata Eos mwishoni mwa Aprili. Silverjet wakafunga hesabu tarehe 30 Mei. Wote watatu walikuwa wametoka mwaka 2005 au 2007 na matumaini makubwa, wana mtaji wa wawekezaji, wana magazeti yanawasifia, na abiria waliopanda walikuwa wanarudi nyumbani wanasimulia.

Naanza na hili kwa sababu watu huuliza kama mashirika ya namna hii yanaweza kuwashinda wakubwa, na kila baada ya miaka michache anatokea mtu mwingine na wazo lile lile. Anasema mashirika makubwa yamechosha, foleni ndefu, ndege imejazwa watu mia tatu, basi mi nitaleta ndege ya watu hamsini, wote wanakaa kifalme, na bei itakuwa chini kuliko bizinesi ya hao wakubwa. Wazo tamu sana ukilisikia, na mi mwenyewe nalipenda, nalitakia heri kila linaporudi, lakini nimefuatilia haya mambo muda mrefu na naona watu wanakosea mahali pale pale. Wanadhani wanauza siti. Ukweli ni kwamba msafiri wa kikazi ananunua ratiba, na siti anapewa humo humo.

Ngoja nieleze, maana hapa ndo pana mzigo wenyewe.

Chukua Eos. Mwanzilishi wake David Spurlock alikuwa ametoka British Airways, kwa hiyo sio mtu wa kubahatisha, anaijua biashara. Walichukua Boeing 757, ndege ambayo kwa kawaida inabeba watu kama mia mbili, wakaweka siti 48. Arobaini na nane! Kila mtu ana eneo lake, siti inalala kabisa inakuwa kitanda, mwenzako anaweza kuja kukaa mbele yako mkala pamoja. Silverjet walikuwa na Boeing 767 yenye siti 100, pale Luton, uwanja wa nje kidogo ya London, wakajitengenezea jengo lao la abiria, unafika dakika thelathini kabla ya ndege kuruka na unawahi, ndani wakatenga hadi choo cha wanawake peke yao, kitu ambacho mwanamke yeyote aliyewahi kusafiri usiku kucha anajua thamani yake. MAXjet siti zao hazikuwa zinalala kabisa ila bei ilikuwa chini zaidi. Huduma haikuwa tatizo kwa hawa watu. Nasisitiza hili kwa sababu ukiuliza kwa nini walikufa utaambiwa matajiri hawakuwataka, na sio kweli.

Sasa mfikirie bosi wa benki anayekaa London ana kikao New York Jumanne. Kikao kinaweza kuisha saa saba, kinaweza kuisha saa kumi na mbili, kinaweza kuahirishwa mpaka Jumatano. Huyu mtu anachohitaji kuliko kitu chochote ni kujua kwamba akikosa ndege ya jioni kuna nyingine baada ya muda mfupi. British Airways (BA) kati ya Heathrow, uwanja mkubwa wa London, na JFK ya New York wamekuwa na safari kama nane kwa siku, bado hujahesabu washirika wao. Silverjet walianza na safari moja kwa siku. Moja. Kikao kikichelewa, umelala mjini. Kwa hiyo unaweza kumpa huyu bosi kitanda kizuri kuliko cha BA, shampeni nzuri kuliko ya BA na bei nusu ya BA, bado katibu wake atakata BA, kwa sababu bosi nauli hatoi mfukoni kwake, inatoka kampuni, na kinachomuuma yeye ni muda.

Na je, BA wanawezaje kurusha ndege nane? Hapa kuna kitu ambacho watu wengi wanakisema kinyume. Tumezoea kusikia kwamba wa mbele ndo wanaowalipia wa nyuma, bizinesi inaibeba ekonomi. Kwa upande wa hela ni kweli, faida nyingi inatoka mbele. Lakini geuza upande wa pili: bila wale mia mbili wa nyuma, na bila mizigo kule chini, na bila watu waliounganisha kutoka Mumbai na Nairobi na Edinburgh, ndege nane kwa siku zisingeruka kabisa. Wa ekonomi ndo wanaofanya ndege ya saa tano ipae hata siku ambayo mbele wamekaa watu kumi. Yaani mama aliyebanwa siti ya katikati safu ya 42 ndo anamnunulia bosi uhuru wa kubadilisha ndege. Ukiwatoa wale wa nyuma, ratiba imeondoka nao, na hapo ndo kampuni ya bizinesi tupu inapojikata mguu yenyewe kabla haijaanza kutembea.

Tupige hesabu ya mfano tu, namba ni za kwangu za kuelezea. Tuseme safari moja ya kuvuka Atlantiki na ndege ya aina hiyo inakula dola 80,000, mafuta, marubani, kodi ya ndege, ada za uwanja, kila kitu. Ukiwa na watu 200, kila mmoja anabeba dola 400. Ukiwa na 48 kila mmoja anabeba kama 1,670. Sawa, bizinesi inaweza kulipa hiyo. Lakini wiki ya pili ya Januari, au Agosti ambapo maofisa wote wako likizo, ukapata watu 30 badala ya 48, kila mmoja sasa anatakiwa abebe karibu 2,670, na tiketi ulishaziuza kwa bei ya zamani. Shirika kubwa likikosa watu wa mbele mwezi Agosti linajaza nyuma familia zinazoenda kutalii. Wewe huna nyuma. Huna pa kukimbilia kabisa, na ndege inadai kodi ile ile.

Nilishawahi kuonja hiki kitu kwenye basi. Sio ndege ila somo ni lile lile. Kuna kampuni moja ilianzisha basi la VIP, siti mbili upande mmoja na moja upande wa pili, mnapewa maji na biskuti, kimya, raha tupu, nikakata tiketi ya kutoka Dar kwenda Mwanza. Tulipofika maeneo ya Singida basi likagoma. Tukakaa pembeni ya barabara saa nyingi mno, na mabasi ya kawaida ya kampuni kubwa yanapita moja baada ya jingine, moja likasimama likachukua wenzetu wachache waliokuwa na haraka. Sisi tukasubiri kwa sababu kampuni yetu ilikuwa na mabasi mawili tu na lile la pili lilikuwa njiani linatoka Mwanza lina abiria wake. Siku ile niliielewa biashara ya usafiri kuliko makala zote nilizokuwa nimesoma. Wale jamaa hawakuwa wabaya, dereva alihangaika mpaka akatoka jasho, konda alitununulia chakula. Hawakuwa na basi la tatu, basi. Na mi safari iliyofuata nilikuwa na msiba wa kuwahi, nikapanda la kawaida.

Ndo hivyo hivyo kwa ndege. Ukiwa na ndege mbili tatu, moja ikipata hitilafu umefuta asilimia kubwa ya ratiba yako yote, na abiria wako ni wale wale wanaothamini muda kuliko watu wote duniani.

Halafu kuna wakubwa wenyewe, hawakai kimya wanakuangalia. Hii stori ya Stansted, uwanja mwingine wa London, nadhani kila anayetaka kuanzisha shirika la namna hii angeisoma kabla ya kukodi ndege ya kwanza. Eos na MAXjet walikuwa wanarukia Stansted kwa sababu Heathrow ilikuwa haiingiliki. Kwanza kulikuwa na makubaliano ya zamani ya Uingereza na Marekani yaliyoruhusu mashirika mawili tu ya kila upande kuruka Heathrow kwenda Marekani, na hata hayo yalipofunguliwa Machi 2008 bado sloti za kutua na kuruka pale zinauzwa bei ya kutisha, mwaka 2016 Oman Air waliripotiwa kulipa dola milioni 75 kwa jozi moja tu. Basi wakaenda Stansted. Wakapata wateja. Oktoba 2007 American Airlines, ambao walikuwa na shughuli zao Heathrow hawana shida yoyote, wakaja na wao Stansted, safari ya kwenda JFK, ruti ile ile kabisa. Miezi miwili baadaye MAXjet akafa. Aprili Eos akafa. Julai 2008 American wakaondoka Stansted.

Mi sitasema walikuja kwa nia gani, kila mtu aangalie tarehe mwenyewe. Ninachosema ni kwamba shirika kubwa linaweza kufungua ruti moja, likala hasara mwaka mzima kwenye hiyo ruti, na hasara hiyo isionekane hata kwenye ripoti yake. Wewe ruti hiyo moja ndo maisha yako.

Na sio mara ya kwanza. Dallas mwaka 2000 kulikuwa na Legend Airlines. Uwanja wa Love Field ulikuwa umebanwa na sheria ya mwaka 1979 iliyozuia ndege kwenda mbali kutoka pale, lakini sheria hiyo ilikuwa na mwanya kwa ndege zenye siti 56 kushuka chini. Legend wakachukua DC-9 wakaweka siti 56 kubwa, wakaanza Aprili. Kabla hata hawajaruka walishapelekwa mahakamani miaka na miaka na ada za mawakili zikala mtaji, na waliporuka American nao wakatoa siti kwenye Fokker 100 zao mpaka zikabaki 56 wakaja Love Field. Legend hawakuumaliza mwaka.

Kuna wanaosema yote hayo ni mafuta. Kwamba mwaka 2008 pipa lilipanda mpaka dola 147 mwezi Julai, halafu benki zikaanguka Septemba, kwa hiyo hata wangekuwa na akili vipi wangekufa. Kuna ukweli, 767 na 757 zile zilikuwa za zamani zinakunywa mafuta vibaya, na wateja wao wakubwa walikuwa ni watu wa mabenki. Lakini hoja ya mafuta peke yake inakwama mahali pamoja. Kulikuwa na wa nne, L'Avion, Wafaransa, wanaruka Paris Orly kwenda Newark, uwanja wa jirani na New York, na Boeing 757 yenye siti 90. Walianza Januari 2007. Mafuta ni yale yale, ndege ni ile ile aliyokuwa nayo Eos. Huyo hakufilisika. Julai 2008, mwezi ule ule pipa limefika 147, British Airways waliwanunua kwa pauni milioni 54 wakawaunganisha na OpenSkies, shirika lao dogo la kuvuka Atlantiki.

Tofauti ilikuwa nini? Siti 90 sio 48, kwa hiyo nauli iliweza kushuka mpaka pale ambapo mtu wa kawaida mwenye uwezo kidogo anaweza kujilipia. Na Orly sio uwanja wa porini, uko karibu na mji kuliko Charles de Gaulle, uwanja mkubwa wa Paris. Ila kubwa kuliko yote hakukimbilia kugombana na wakubwa kwa wateja wa makampuni makubwa yenye mikataba.

Mwanzilishi wa L'Avion, Frantz Yvelin, alirudi tena mwaka 2014 na La Compagnie. Na hawa ndo wanaonifanya nisiseme kwamba wazo zima ni bure. Walianza na 757 ya siti 74, Paris kwenda Newark. Mwaka 2015 wakaingia tamaa ya London, wakafungua Luton kwenda Newark, na hapo wakakutana na kile kile kilichowaua wenzao, soko la watu wa mabenki, BA na Virgin wana ndege kila wakati, ikaja na kura ya Brexit pauni ikashuka, Septemba 2016 wakafunga ruti. Nawaheshimu sana kwa uamuzi ule. Wengi wangeng'ang'ania London kwa sababu ya jina mpaka kampuni nzima izame. Wao walirudi Paris, mwaka 2019 wakachukua Airbus A321neo mpya zenye siti 76 zinazolala kabisa, zinazokula mafuta kidogo sana ukilinganisha na 757, wakaongeza Nice majira ya joto, kisha 2022 Milan. Corona iliwalaza chini kabisa lakini wakaamka.

Angalia wanaopanda. Mtu mwenye kampuni yake ndogo ya watu kumi na tano, anajilipia, kwa hiyo nauli inamuuma na anaona faida ya kulipa pungufu. Mke na mume wanaoadhimisha miaka thelathini ya ndoa. Watu wa mitindo na sanaa wa Paris na Milan. Hawa hawahitaji ndege nane kwa siku, walishapanga safari miezi miwili kabla, moja inatosha, na wengi hawana pointi milioni za zawadi kwa wateja wa mara kwa mara wa shirika fulani zinazowavuta shati. Maana pointi nazo ni kamba, American waliziweka sokoni tangu 1981 na mpaka leo kuna watu wanakubali kupitia mji wa tatu kwa kulala vibaya ili tu wasipoteze hadhi yao ya kuingia launji.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali kama haya mashirika yanaweza kufanikiwa dhidi ya wakubwa: dhidi ya wakubwa, hapana. Pembeni yao, kwenye kona ambayo mkubwa haoni faida ya kuja kupigana, ndiyo.

Hata wakubwa wenyewe wakijaribu bizinesi tupu inawatesa. BA walirusha A318 ya siti 32 kutoka London City kwenda JFK kuanzia 2009, wakaipa namba BA001 iliyokuwa ya Concorde, ile ndege yao ya zamani iliyokuwa inapita kasi ya sauti, njia ya kurukia pale ni fupi mno mpaka wakati wa kwenda walikuwa wanatua Shannon kuongeza mafuta na abiria wanamalizana na uhamiaji wa Marekani hapo hapo Ireland. Ilidumu miaka kumi na moja kwa sababu ilikuwa na jina la BA, pointi za BA na ndege nyingine zote za BA kule Heathrow za kuikinga, na bado Corona ilipokuja ikakatwa. Singapore Airlines nao walikuwa na A340-500 ya siti 100 za bizinesi tu kwenda Newark, wakaacha 2013. Waliporudi 2018 hawakurudia kosa, walikuja na A350 yenye siti 67 za bizinesi na 94 za ekonomi iliyoboreshwa, ekonomi ya kawaida haimo. Hiyo inafanya kazi kwa sababu ni safari ya masaa kumi na nane bila kutua, mtu analipia kutotua, na mashirika mengine mangapi yanaweza kumfuata huko?

Nataka niseme pia kuhusu JetBlue, shirika la Marekani la bei nafuu, maana wao walikuja na jibu zuri kuliko wote na hawakuwa shirika la kifahari hata kidogo. Mwaka 2014 waliweka Mint, siti 16 tu za kulala mbele, na siti 143 za kawaida nyuma, New York kwenda Los Angeles, kuanzia dola 599 kwa safari ya kwenda tu. Wakubwa walilazimika kushusha bei kwenye ruti ile. Siti 16! Wakakosa watu wa mbele hawakufa, nyuma kumejaa. Mwaka 2021 wakaingia London kwa mtindo huo huo wakiwa na 24. Ukiniuliza ni nani amewafaidisha wasafiri zaidi kati ya Eos na JetBlue, mi naona ni JetBlue, ingawa Eos ndo ilikuwa ndege nzuri zaidi.

Siku hizi wawekezaji wamepata moyo tena kwa sababu baada ya Corona watu wenye hela wameanza kujilipia wenyewe siti za mbele kwa ajili ya likizo. Ni kweli kabisa hilo limebadilika. Beond wa Maldives wameanza Novemba 2023 na A319 ya siti 44, wanapeleka watalii visiwani, na kwa mteja wa aina hiyo wamelenga vizuri, mtalii haogopi safari mbili kwa wiki kwa sababu hoteli ameshailipia wiki nzima. Lakini mabadiliko hayo hayajawafungulia mlango wachanga peke yao. Zamani ndani ya Marekani siti nyingi za mbele zilikuwa zinagawiwa bure kama zawadi kwa wateja wa mara kwa mara, sasa hivi Delta na wenzake wanaziuza, wameongeza idadi yake kwenye ndege mpya, na mapato ya siti hizo kwa Delta yamepanda mpaka yakakaribia ya ekonomi nzima. Yaani yule mteja mpya aliyekuwa anasubiriwa na kampuni changa, mkubwa alishamfikia, na anamuuzia tiketi yenye ndege nane kwa siku.

Nikikutana na mtu anaanzisha shirika la namna hii leo nitamuuliza maswali machache tu. Mteja wako analipiwa na nani? Akikosa ndege yako anapanda ipi? Ndege yako ya pili iko wapi ya kwanza ikiharibika? Una hela ya kuvuka Januari mbili bila kuuza hisa mpya? Na swali linalonisumbua zaidi, una ujasiri wa kubaki mdogo? Maana mwekezaji aliyekupa hela hataki ubaki mdogo, anataka uende London mwaka wa pili na Dubai mwaka wa tatu. Silverjet walikuwa kwenye soko la hisa dogo la London, hawakuwa wamemaliza hata mwaka mmoja wa kuruka Newark wakafungua Dubai Novemba 2007, na miezi sita baadaye hawakuwepo. La Compagnie tangu 2019 wamekuwa na A321neo mbili, na wanazirusha.